Ng'ombe wa Kesho Hashtuliwi

Chumba cha nyuma ya bucha,
Jumatatu, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Redio,

Hujambo? Usiipite hiyo haraka. Najua salamu za barua watu huziruka kama wanavyoruka dimbwi la maji machafu, lakini leo nauliza huku nimeuma meno: hujambo? Unakula? Unatembea? Mkeo yu mzima? Nijibu kwa mwandiko wako mwenyewe, ule mbaya kama kuku amepita kwenye unga.

Tangu mvua zianze sijasikia sauti yako. Binti yangu anasema simu yako imeharibika. Bosi, mdogo wake, anasema uko safarini. Juzi niliwauliza wote wawili kwa pamoja, wakajibu kwa pamoja, kila mmoja na lake, halafu wote wakatazama sakafu. Kwa hiyo katika barua hii yote nataka kujua jambo moja tu, ndugu yangu. Uko hai, au wamekuzika bila mimi?

Swali hilo si la wazimu. Lina sababu, na sababu yenyewe ina damu. Kaa chini nikueleze.

Nimetoka hospitali Ijumaa. Mkono wa kushoto umefungwa bendeji kuanzia kidole gumba hadi kifundoni kwa jeraha la panga, na panga lilikuwa langu, na aliyelishika ni mimi. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole, shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Nalala nimeegemea mito mingi kama malkia, maana nikilala chali nahisi nazama. Ila ulimi uko palepale ulipouacha.

Sijui kama walikwambia kuhusu moyo wangu. Kama hawakukwambia, nakwambia mimi: umechoka kusukuma damu, umepanuka. Daktari alinionyesha picha yake kwenye kioo, nikautambua kabla hajafungua mdomo. Mioyo ya namna ile tumeishika mimi na wewe tangu utotoni, kule machinjioni kwa Baba. Ni ya ng'ombe waliolimishwa mpaka wakaanguka, mikubwa, milegevu, na Baba alikuwa akiwatupia mbwa. Nilimwambia daktari hivyo, akacheka kwa adabu, akaniandikia vidonge. Kimoja ni cha kunifanya nikojoe, na nakojoa mpaka ndoo inanionea huruma. Chumvi nimekatazwa. Kubeba mizigo nimekatazwa. Hayo yote niliyakubali, maana ni ya daktari na yana akili.

Yaliyofuata hayakuwa ya daktari. Watoto walikaa kikao jikoni, mimi niko upande wa pili wa ukuta wa mbao nasikia kila neno, wakatunga sheria ya kwao wenyewe: Mama asishtuliwe. Binti yangu ndiye aliyeisema. Bosi akaitikia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kweli. Nikatabasamu kule nilikokuwa. Nilidhani ni mapenzi, na sikukosea, yalikuwa mapenzi.

Walianza na panga. Bosi alilitoa kwenye ndoano yake, lile la Baba, akalificha asikojua mtu. Gogo la kukatia nyama, lililobonyea katikati kwa mapigo yangu, wakaliviringisha hadi uani likae na kuku. Mahali pake ukaletwa msumeno wa umeme unaopiga yowe kama anayechinjwa ni wenyewe. Kisha wakapita mtaani, mlango kwa mlango, kuwaambia watu wasiniletee habari mbaya.

Hebu fikiri. Watu wana habari gani nyingine? Mwenye mume mlevi angenieleza nini? Aliyefukuzwa kazi angekaa kwenye benchi langu tuongee mawingu? Walikuja mmoja mmoja, wakakaa kwenye ukingo wa kiti, wakasema, "Mama, unapendeza," wakakimbia. Baadaye hawakuja kabisa, ila mmoja nitakayemfikia, naye kwa muda tu. Hawakunichukia. Waliogopa wataniua kwa mdomo.

Mimi niliyekuwa nikisikia siri za mtaa mzima kabla hazijafika kwa wenyewe, nikabaki na ukuta. Asubuhi chai, mchana chakula kisicho na ladha, jioni vidonge. Binti yangu akiingia anauliza miguu imevimba kiasi gani. Bosi akiingia anauliza nimekunywa maji kiasi gani. Hakuna aliyeniuliza naonaje kuhusu jambo lolote. Upweke ule, Redio, una uzito wake. Unakukalia kifuani juu ya ule ugonjwa mwingine, na huwezi kujua kipi kinakukosesha pumzi.

Basi nikaanza kuvunja. Nilianza na sahani, naitupa ukutani ili nisikie kitu kikifika mahali. Kisha vikombe. Waliponiletea televisheni ili inichangamshe, Bosi aliiweka ionyeshe vichekesho tu, hakuna habari, hakuna mpira, maana mpira nao unashtua. Siku nzima watu wanacheka humo ndani, na mimi sijui wanacheka nini na hawaniulizi nami nacheka nini. Nilitia mchi katikati ya uso wa mchekeshaji mmoja. Vioo viliruka mpaka kitandani. Kwa muda mfupi nikajisikia vizuri kuliko dawa zote za daktari, kisha nikakosa pumzi, nikakaa chini kwenye vile vioo nikihema kama mbwa.

Wakasema ni ugonjwa umepanda kichwani. Wakafunga mlango wangu kwa nje.

Siku moja wateja wawili walipigana bucha, mbele kabisa, nikawa nasikia. Waligombea nafasi kwenye foleni, mmoja akamtwanga mwenzake na mfupa wa goti, nikasikia mtu akianguka kwenye vigae na wanawake wakipiga mayowe. Unajua mimi nilivyokuwa nikizima ugomvi. Panga moja kwenye gogo, paa, na kila mtu anashika adabu yake. Niliinuka nikiwa na furaha, usinicheke, furaha kabisa, nikaufikia mlango ukakataa. Nikaupiga kwa ngumi. Binti yangu akasema kwa upande wa pili, kwa sauti laini kama anambembeleza mtoto mchanga, "Hakuna kitu, Mama. Ni televisheni ya jirani." Damu ya mwenye kupigwa ilipita chini ya mlango wangu, ndugu yangu, nyembamba, imechanganyika na maji ya kudekia. Niliipiga ile mbao mpaka vidole vikachubuka na damu yangu ikadondokea juu ya ile ya mgeni.

Baada ya hapo niliacha vidonge. Naviweka chini ya ulimi, nasubiri aondoke, navitema kwenye chungu cha ua. Sikutaka kufa. Sikuona tu sababu ya kuutunza moyo ambao hauna pa kwenda. Ua lenyewe lilinyauka, na mimi nikafuata. Kliniki wakaona miguu imejaa mpaka magotini, wakamgombeza binti yangu kuhusu chumvi, maskini, na chumvi hatukuwa nayo nyumbani hata punje.

Kulikuwa na muuguzi mmoja pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani. Aliinama akaniuliza, "Mama, siku nzima unaongea na nani?"

Binti yangu akajibu, "Ana sisi."

"Nimemuuliza mama."

Nikafungua mdomo nimtukane, yanamhusu nini, na badala ya tusi kikatoka kilio. Nililia mbele ya watu waliokaa kwenye mabenchi na vyeti vyao mkononi. Binti yangu akanifuta uso akasema nimechoka. Tukarudi nyumbani, mlango ukafungwa.

Sasa nifike kwa Sindano. Unamkumbuka Sindano, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, yule uliyesema ulimi wake unaweza kutoboa bati. Tangu sote wawili tulipobaki wajane, yeye ndiye aliyekuwa mtu wangu. Kila asubuhi akifungua dirisha ananipigia kelele, "Mchinjaji, bado hujafa?" Nami namjibu, "Nakusubiri utangulie, navitaka viatu vyako." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Watu wapya mtaani walidhani tunachukiana.

Alipoambiwa sheria ya kutonishtua, alikuja hadi dirishani kwangu akasema kwa nguvu, makusudi, ili watoto wasikie, "Huyu mwanamke amechinja ng'ombe wa mji mzima, mnadhani ataogopa neno?" Akawa anakuja kila siku, na ananiambia yote, nani kaachwa, nani kaiba, nani kafumaniwa. Nilikuwa nameza vidonge vyangu siku hizo. Kisha siku moja hakuja. Wala kesho yake. Dirisha lake likabaki limefungwa.

Binti yangu akasema amesafiri. Baadaye akasema amehamia kwa mwanawe. Nikangoja salamu, hata ya kutukana, haikuja. Basi nikaamua naye amenitupa, amenichoka kama wengine, na hasira zangu zote nikampelekea yeye. Kila asubuhi nilisimama dirishani kwangu nikamlaani. Nilimwita mnafiki. Nikamwambia akafie mbele na cherehani yake, na mbwa wasimguse kwa uchungu wa nyama yake. Nilisema makubwa kuliko hayo, na nilikuwa nayasema nikilitazama dirisha lake, nikitumaini litafunguka anijibu.

Jumapili moja bucha ilifungwa ili isuguliwe, na Bosi akasahau kufunga mlango wangu. Nikapita. Panga la Baba nililikuta chini ya kaunta, limefungwa gunia kama maiti. Nikalifungua, nikavuka barabara. Usifikiri ni barabara ile ya kawaida, kwangu siku ile ilikuwa nchi nzima. Nilisimama katikati nikahema, gari likanipigia honi, nikalionyesha panga likanyamaza. Nikafika kwenye mlango wa Sindano nikaukata. Sikubisha hodi, niliukata. Kila pigo na tusi lake. "Toka, mbwa wewe! Toka unitazame usoni!" Vipande vya mbao vikaruka. Pigo moja likagonga bawaba ya chuma, panga likarudi nyuma likanifungua mkono huu ninaokwambia, na sikusikia maumivu, niliona tu gauni limekuwa jekundu.

Mlango ukafunguliwa. Alisimama kijana simjui, ameshika mashine ya kunyolea, na nyuma yake kwenye kiti alikuwapo mteja amenyolewa nusu kichwa, macho yamemtoka. Chumba cha Sindano kimekuwa cha kinyozi. Pale cherehani ilipokuwa kuna kioo, na ndani ya kioo nikamwona bibi kizee ana damu na panga.

"Yuko wapi fundi cherehani?" nikamuuliza.

"Bibi, huyo si alishakufa? Mimi nimepangishwa baada ya kuzikwa." Akalitazama panga, akanitazama mimi. "Wewe ndiye mama wa bucha? Tuliambiwa tusikwambie."

Nilikuwa nimemlaani maiti, Redio. Kila asubuhi, nimeshika nondo za dirisha, nilikuwa namtukana mtu aliye chini ya udongo, tena mtu ambaye hakunitupa hata kidogo. Baadaye nilielezwa: alikuwa anakata kitambaa, akaegemea meza, akafa. Mazishi yake yalipita mbele ya bucha yetu, na siku hiyo watoto waliniwekea muziki chumbani.

Pale mlangoni kwa kinyozi ndipo nikaelewa nilichokuwa nikifanyiwa. Unaikumbuka kazi yako machinjioni? Mimi nilishika kamba, wewe ulishika maneno. Ng'ombe wa kesho anatengwa na wenzake. Anawekwa kivulini, anapewa maji, hapigiwi kelele, haonyeshwi kisu, na zaidi ya yote hamwoni mwenzake akianguka, maana akishtuka nyama inakuwa nyeusi na ngumu. Wewe ulisimama sikioni kwake ukimdanganya kwa sauti tamu kwamba kesho ni malisho. Kwa kuongea kule ndiyo maana tulikuita Redio. Kazi ikiisha mimi nilipiga panga kwenye gogo, nawe unajibu getini kwa kupiga debe, watu wanajua nyama ipo.

Nikarudi nyumbani na panga langu. Bosi alikuwa amefika, amesimama na ufagio, uso umemshuka alipoona damu. Nilimtandika kofi la mkono mzima mpaka akakaa kwenye ndoo ya maji machafu, mwanamume mwenye ndevu na watoto. Nikaugeukia ule msumeno wa umeme nikaupiga mapanga mpaka ukaacha kuwa msumeno. Nikamwuliza, "Mimi ni ng'ombe wako? Mnaninenepesha kwa ajili ya nani?"

Hakujitetea. Alikuwa analia pale kwenye ndoo. Akasema, "Wewe ndiye uliyetufundisha, Mama. Ulisema asimwone mwenzake."

Pumzi ilikuwa imekwisha. Kifua kilijaa maji, midomo ikafa ganzi, nikaanguka juu ya vyuma. Nililazwa. Walinichoma sindano, wakaniwekea hewa puani, wakanishona mkono. Na nikiwa nimelala pale na ile mipira puani, sikumuwaza Sindano tu. Nilikuwaza wewe. Simu imeharibika. Yuko safarini. Nikasema, hawa wana ng'ombe wa pili aliyeanguka, na wamenifumba macho nisimwone.

Ndiyo maana nauliza. Ngoja, naona binti yangu anakuja na chai.

Jumanne.

Ndugu yangu, jana niliacha ghafla. Binti yangu aliweka chai, akasoma mstari wa mwisho juu ya bega langu, akageuka aondoke. Nilimshika mkono kwa huu mkono wenye nyuzi, nikamkaba hasa, nikamwambia, "Mjomba wako yu hai?"

"Yu hai, Mama."

"Apa."

Akaapa. Nikamwambia kama yu hai basi aseme lililobaki, la sivyo nachana hizi nyuzi kwa meno. Akavuta kiti, akakaa, akasema yote bila kuniangalia. Kiharusi. Upande wako wa kulia umekufa wote. Unasikia, unaelewa, unamtambua kila mtu, lakini maneno hayatoki, na ukijaribu inatoka sauti ambayo watoto wako hawataki mtu aisikie. Kwa hiyo wameweka simu mbali. Watoto wako walipiga kwa watoto wangu, wakakubaliana: mimi nisijue yako, na wewe usijue yangu, ili asishtuke huyu na asishtuke yule. Wewe umeambiwa mimi mzima, nauza nyama, ila simu yangu imeharibika.

Nilicheka kwanza. Ukoo mzima huu hauna simu nzima hata moja! Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika, kisha nikarusha jagi la maji, likampita sikioni likapasukia mlangoni. Nikarusha na chai. Nikamwambia maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mwanawe. Redio wangu, aliyekuwa akiongea hata akiwa usingizini, amenyamaza tangu mvua zianze, na mimi niko hapa navimba kama puto nikidhani amenisahau!

Naye akasimama akanipigia kelele. Hajawahi, tangu azaliwe. "Unafikiri mimi napenda? Kila asubuhi nikishika kitasa cha mlango huu najua nitakukuta umekufa! Nifanye nini, Mama? Niambie basi, nifanye nini?" Akapiga ngumi ukutani kwenye alama za sahani zangu, akajiumiza. Ndipo nikaona mwanangu amekonda, ana mvi, na hakuna aliyemuuliza yeye siku nzima anaongea na nani. Nikamvuta kitandani, tukalia kwa sauti kama watu waliofiwa, maana kweli tulikuwa tumefiwa na hatukuwa tumelia.

Leo asubuhi ufunguo wa mlango uko mfukoni mwangu. Bosi ameliviringisha gogo kutoka kwa kuku akalirudisha bucha, analisugua sasa hivi, namsikia. Sitabeba nyama, nimekubali. Nitameza vidonge, na binti yangu atatazama chini ya ulimi, nimekubali hilo pia. Nitakaa kwenye kigoda kando ya kaunta, na mtu mwenye habari mbaya atakaa kwenye benchi anieleze. Yule kinyozi amepita kuuliza nani atamlipia mlango. Nimemwambia asubiri nife. Amecheka, akasema atakuja kila siku kuangalia kama tayari. Ana mdomo, kijana yule.

Basi sikia na yangu, kwa mdomo wangu. Daktari hakuniahidi mwaka mwingine, nilimuuliza na akatazama kalamu yake. Sindano amekufa. Wewe huna maneno, mimi sina pumzi. Nimejua hali yako na nimeumia, nimelia usiku kucha, na asubuhi bado nilikuwa hai na nina njaa. Umeshtuka? Shtuka, ndugu yangu. Sisi si ng'ombe wa mtu.

Sasa nasema na wewe mwanangu, unayemsomea baba yako barua hii kwa sauti. Shangazi yako anakujua. Umeruka penye panga, umeruka pale nilipouliza kama amezikwa, na sasa umetulia unasoma kwa sababu umedhani tumefika kwenye salamu. Rudi juu. Anza kwenye "Hujambo," usome neno kwa neno. Ukiruka tena nitapanda basi na miguu yangu hii hii, nije nikutandike mbele ya mkeo.

Ukimaliza, mtafutie baba yako debe. Debe tupu, la bati, si la plastiki. Mkono wa kushoto wanasema bado una nguvu, na yeye debe alikuwa akilipiga kwa mkono wowote. Jumamosi asubuhi, kabla bucha haijafunguliwa, piga simu hapa, maana zote mbili zimepona. Iweke karibu naye, uondoke chumbani.

Redio, hatutaongea. Hiyo sauti yako wasiyotaka watu waisikie, ikitoka itoke, mimi nimesikia fahali wakifa. Nitapiga panga kwenye gogo, mara moja, taratibu, kwa kiasi alichoruhusu daktari. Nawe nijibu. Nimekaa muda mrefu mno nikipiga mlango bila kujibiwa.

Msalimie sana mkeo, mwambie pole ya kukuinua na kukulaza, na aseme na mtu, asikae nayo peke yake. Wasalimie wanao wote, hata huyu anayesoma. Mbusu yule mjukuu wako mwenye pengo. Bosi anakuamkia, shavu bado limevimba kidogo. Binti yangu amesoma barua hii yote, hakufuta kitu, na ndiye atakayeipeleka posta. Mungu aipe mikono yetu miwili mizima nguvu ya Jumamosi moja, na akipenda, ya nyingine.

Wako akupendaye kwa moyo wote, na daktari mwenyewe kasema ni mkubwa kupita kiasi,

Dada yako, Mchinjaji.